Kupenda si lazima kwa kila mhariri
Mwandishi wa makala moja niliyosoma anadai mhariri asiyeifurahia riwaya asiiguse kabisa. Kwa anayechagua miswada, nakubali. Mwaka 1962 pale Makerere, Ngũgĩ, akiwa bado mwanafunzi, alimpa Chinua Achebe mswada wake. Kupitia kwa Achebe ukafika kwa wachapishaji Heinemann na kutoka kama kitabu 1964. Kuubeba mswada namna hiyo kunataka mtu aliyeguswa.

Lakini anayenyoosha sentensi? Nimehariri hadithi za mapenzi miaka kadhaa, na mimi ni mpenzi wa riwaya za upelelezi (msinicheke). Kutozipenda hizo za mapenzi kulinisaidia kuona haraka machozi yalipozidi. Tatizo langu lilikuwa kufyeka hata yale ambayo wasomaji wa hadithi hizo huyafuata. Siku hizi nikiwa na shaka namuuliza shemeji yangu, yeye huzimeza usiku kucha.