Pima Mfupa Kabla ya Kumkabidhi Mtu Mgongo

Mama yangu mdogo ana miaka 68. Mwaka jana aliinama kuinua ndoo ya maji iliyojaa nusu tu, akahisi kama msumari umemchoma katikati ya mgongo, na kuanzia siku hiyo hakuweza kujigeuza kitandani bila kushikwa. Tulipokutana kifamilia, mmoja alitaka achuliwe kwa mafuta ya mnyonyo, mwingine akasema apelekwe kwa mtaalamu wa kairopraktiki, yaani tiba ya kunyoosha uti wa mgongo kwa mikono. Mimi, ambaye mwaka uliotangulia nilinyooshwa kiuno na mtaalamu wa aina hiyo nikatoka nikitembea kama kijana, niliitetea hoja ya pili kwa sauti kuliko wote. Nilikosea, ingawa si kwa namna ambayo wapinzani wa tiba hiyo wangependa kusikia.

Kairopraktiki ilianzia mwaka 1895 katika mji wa Davenport, jimbo la Iowa nchini Marekani, pale Daniel David Palmer alipodai kwamba alimrudishia mtu usikivu kwa kuubonyeza uti wa mgongo wake. Kutokana na kisa hicho alijenga fundisho kwamba maradhi mengi hutokana na pingili zilizohama mahali pake. Fundisho hilo silikubali, na hata miongoni mwa wanaoifanya kazi hiyo leo wapo wengi waliokwisha kuliweka kando. Hata hivyo, maumivu ya kiuno ni jambo jingine. Mwongozo uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mnamo Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unaitaja tiba ya kunyoosha uti wa mgongo kwa mikono miongoni mwa tiba zinazoweza kutumika, pamoja na mazoezi, elimu na kuchuliwa. Mwongozo huohuo haupendekezi mikanda ya kiuno, na niliposoma hapo niliutazama wangu, unaoning'inia nyuma ya mlango, nikakumbuka bei niliyoulipia.

Lakini mwongozo huo unahusu maumivu ambayo hayakuonekana kutokana na ugonjwa mwingine wala mfupa uliovunjika, na sharti hilo ndilo ambalo wengi wetu tunaliruka. Tunatazama video za watu wanaozungushwa shingo na kukunjwa viuno, tunasikia mlio, tunaamini kwamba mfupa umerudi mahali pake. Mlio ule ni wa kiungo, nao unahusiana na gesi iliyomo ndani ya ute wa kiungo kinapotanuliwa ghafla. Hauthibitishi kwamba kuna pingili iliyokuwa imehama. Kwa mtu mwenye mifupa imara, msukumo huo kwa kawaida hauleti madhara makubwa. Kwa mtu ambaye mifupa yake imekuwa myepesi kama biskuti, unaweza kuivunja.

Katika nchi zetu kuna sababu ya ziada ya kuwa waangalifu. Kifua kikuu hakikai kifuani tu. Huingia pia katika uti wa mgongo, kikala pingili na diski taratibu kwa wiki na miezi, mara nyingine bila kikohozi chochote, hadi mgongo ukafanya kibyongo au miguu ikapooza. Ugonjwa huo unatibika kwa dawa, lakini si kwa kusukumwa mgongo. Kwa hiyo mgonjwa anayepungua uzito, anayetoka jasho jingi usiku, aliyewahi kuugua saratani, au ambaye maumivu yake hayatulii hata akilala, aanzie hospitali. Anayekufa ganzi sehemu za siri au kushindwa kuuzuia mkojo akimbizwe siku hiyohiyo.

Turudi kwa mama mdogo. Aliyemwokoa ni muuguzi mmoja jirani yetu, ambaye kabla ya kuugusa mgongo aliuliza mbona gauni lake linaburuta chini. Sote tulikuwa tumeliona, tukadhani limelegea kwa kufuliwa. Gauni halikuwa limerefuka, bali mama mdogo alikuwa amefupika. Picha ya eksirei ilionyesha pingili mbili zilizobonyea upande wa mbele, moja ikiwa ya zamani. Alikoma hedhi miaka mingi iliyopita, na kwa ajili ya pumu alikuwa ametumia vidonge vya prednisoloni kwa vipindi virefu, na yote mawili hudhoofisha mifupa. Laiti ningesikilizwa siku ile, angelazwa kifudifudi juu ya kitanda na kusukumwa hapohapo palipovunjika.

Ndiyo maana siwaulizi tena watu kama mtaalamu wao ana mikono mizuri. Nauliza kama aliwahoji kuhusu umri, dawa, mivunjiko ya zamani na urefu uliopungua, na kama yuko tayari kumrudisha mteja bila kumgusa. Anayemlaza kila mtu kitandani dakika ya tano baada ya salamu, simwamini hata akiwa na vyeti ukuta mzima.

Mfupa wenyewe haujengwi kwa kunyooshwa. Hujengwa kwa kubebeshwa uzito unaoumudu na kwa chakula: dagaa wanaoliwa na mifupa yao, maziwa, mtindi, sukuma wiki. Mchicha tunaousifu sana una kalsiamu, lakini una pia oksalati zinazouzuia mwili kuifaidi sehemu kubwa yake, jambo ambalo mama mdogo analichukulia kama matusi kwa bustani yake.

Siku hizi anafanya mazoezi ya kuimarisha mgongo na miguu chini ya mtaalamu wa fiziotherapia, na ndoo amekatazwa. Kila Jumapili asubuhi, kabla ya chai, humeza kidonge cha mifupa kwa glasi nzima ya maji, kisha hukaa wima barazani kwa nusu saa kama alivyoagizwa, na katika nusu saa hiyo haruhusiwi mtu kumwita jikoni.