Kiendelezi kimekubali, programu imegoma
Siku mbili nakesha hapa Mikindani na programu ya mizani ya korosho. Programu yenyewe iko kwa lugha ya Python 2.7; mimi nimeiandikia kiendelezi, yaani kipande cha nyongeza, kwa lugha ya C. Kukompaili, yaani kukigeuza kiwe lugha ya mashine, safi kabisa. Kukiita tu, programu inazimika kimya!

Kumbe Python 2.7 ya Windows ilijengwa kwa kompaila ya Visual C++ 2008, mimi nimetumia ya 2010. Kila moja ina laibrari yake ya C (mkusanyo wa kazi za msingi, kama kutenga kumbukumbu): kumbukumbu iliyotengwa na hii ikiachiliwa na ile, balaa. Jamani, kompaila ilishindwa nini kunionya? Toleo la 3.5 la Python lilipunguza adha hii, lakini kompyuta ya ghalani bado ni 2.7. Bando la kupakulia kompaila ya zamani nalilipa mimi, na mnada haunisubiri.