Namba za majarida na mkonge wetu

Juzi barazani hapa Ngamiani, Tanga, tulibishana sana kuhusu zile zawadi za watafiti, maana bajeti ya elimu ya 2022/23 ilitangaza mpaka milioni 50 kwa anayechapisha kwenye jarida kubwa la kimataifa. Hela kwenda kwa wanasayansi naunga mkono kabisa, ninachogomba nacho ni kipimo kinachotumika kusema jarida ni kubwa, yaani impakti fakta.

Impakti fakta, wazo alilolitoa Mmarekani Eugene Garfield mwaka 1955, inapima jarida, haipimi makala yako. Wanachukua makala za miaka 2 iliyopita wanaangalia mwaka huu zimenukuliwa na watafiti wengine mara ngapi halafu wanagawanya kwa idadi ya makala hizo, basi, na makala chache zinazonukuliwa sana ndo zinabeba nyingine zote mgongoni. Sasa mtu anapandishwa cheo kwa wastani wa wenzie? Ndo maana tamko la San Francisco la 2012, la wanasayansi na wahariri wa majarida, lilisema wazi kipimo hicho kisitumike kumpimia mtafiti mmoja mmoja.

Lakini wanaotetea namba wana hoja, tena nzito. Ukiziondoa kinachobaki mara nyingi ni kujuana, huyu mtu wetu yule si wetu, na kijana asiye na mtu ndani ya kamati anaumia. Na majarida makubwa yana kazi yake, chanjo ya malaria RTS,S ilijaribiwa mpaka Korogwe na Bagamoyo kati ya watoto zaidi ya 15,000 wa nchi 7, matokeo yakasomwa dunia nzima na 2021 WHO wakaipendekeza.

Ila njoo kwenye mkonge. Aina chotara ya mkonge, 11648, ilizalishwa huku huku Tanga na leo China wanailima mashamba kwa mashamba. Anayehangaika sasa na madoa ya majani, ugonjwa unaoitwa kwa jina la Korogwe yetu, atanukuliwa na nani wakati wanaotafiti mkonge duniani ni wachache hivyo? Hata akifanikiwa namba yake itabaki ndogo, mkulima wa Muheza ndo atajua. Ilani ya Leiden ya 2015, mwongozo wa wataalamu kuhusu kupima utafiti kwa namba, imeligusa hili, utafiti wenye faida kwa wenyeji ulindwe.

Mimi ningetaka kila mtafiti alete kazi zake 3, zisomwe kweli, aeleze zimebadilisha nini shambani au hospitali, namba zikae pembeni kama ushahidi wa ziada. Tabu ni wa kuzisoma kazi hizo, wanaojua mkonge hapa nchini wanafahamiana karibu wote, kwa hiyo angalau mmoja atoke nje, Brazil au China wanakoulima, na alipwe kwa muda wake.