Si inatembea? Basi panda wewe

Wiki hii nimepewa pole nyingi na zote zimefanana. Alhamdulillah uko mzima ticha. Chuma kinanunuliwa, roho hainunuliwi. Nimeitikia kote kwa adabu na kweli nashukuru, ila kuna jambo limenikaa kooni tangu nilipokuwa kwa fundi pale Ngamiani na nisipolitoa nitapasuka.

Niligonga jiwe na pikipiki yangu. Sio shimo, jiwe. Barabara ya Muheza kuja Tanga, umeshaiacha Ngomeni unaitafuta Pongwe, magharibi imeingia, gari la mbele linakuja na taa fulu na mwenyewe hana habari ya kushusha, kuja kushtuka jiwe la ukubwa wa figa limekaa katikati ya upande wangu. Mnaopita njia ile hamna haja ya kuambiwa limefikaje. Lori la machungwa limetoka Muheza limejaa mpaka linainama, likakata kitu njiani, utingo akaruka chini akavunja matawi akatandika mbele na nyuma, akakusanya mawe akakaba matairi. Triangle zipo, ila zile ni za kumwonyesha trafiki, hazitakiwi kuchafuka. Wakatengeneza, wakapanda, wakaondoka zao. Matawi yakikauka upepo unayachukua. Mawe yanamsubiri ticha.

Na hili sijui kwa nini hatulikasirikii. Yule utingo alikuwa na nguvu ya kubeba jiwe kutoka porini mpaka kwenye lami, nguvu za kulirudisha hatua mbili pembeni zikamwishia. Dereva na utingo wake huwa wanasali kabla ya safari, wameandika Mungu ni Mwema nyuma ya tela, halafu wanaacha kitu barabarani ambacho mtu wa gari dogo kitampasua sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, na mtu wa pikipiki kitamfanyia lingine kabisa. Ukimuuliza atakwambia alikuwa na haraka, machungwa yanaoza.

Basi. Tairi la mbele lilipiga, usukani ukanitoka kidogo nikaudaka, nyuma nako kukapiga, nikayumba mpaka kwenye vumbi nikasimama. Sikuanguka. Hapo ndipo matatizo yanapoanzia, maana ungeanguka kila mtu angeichukulia pikipiki kuwa imepata ajali. Usipoanguka hakuna kilichotokea. Vijana walikuja mbio, Mungu awabariki, mmoja akaizungusha akaipiga kiki ikawaka, akanikabidhi na tabasamu zima: "Ticha, si inatembea? Nenda zako."

Inatembea. Huku ukinyoosha usukani yenyewe inakwenda kushoto, na ukiinyoosha yenyewe usukani unatazama kulia, lakini inatembea.

Nikaisukuma. Walinicheka sana. Nikapata Guta Pongwe likaibeba mpaka mjini, na mwenye guta naye njia nzima ananiambia angekuwa yeye angepanda tu polepole.

Fundi wangu ni mzee, haongei sana, na ndiyo maana nampenda. Hakuuliza inatembea au haitembei. Aliinua mbele ikaning'inia, akazungusha tairi huku ameshikilia bisibisi karibu na ukingo wa rimu bila kugusa, ukitazama pale unaona rimu inaisogelea bisibisi halafu inaikimbia, inaisogelea inaikimbia. Imepinda. Akagonga spoku moja moja na spana, zilizokaza zinalia, zilizolegea zinatoa sauti ya bubu. Akapapasa tairi ubavuni akanishika kidole akakiweka: kuna nundu ndogo, nje mpira haujachanika hata kidogo. Ile ina maana nyuzi za ndani zimekatika na upepo unasukuma mpira peke yake, na nundu hiyo haizibwi wala haipachikwi kiraka, inasubiri siku ya jua kali na mzigo ipasuke. Tairi lenyewe la mbele la 2.75-17 unalijua lilivyo jembamba, likipasuka kwenye mwendo huna la kufanya nalo.

Kisha akageuza usukani taratibu sana kutoka kushoto kwenda kulia, tairi likiwa juu, akaniambia nishike mwenyewe. Pale katikati kuna kitu kinashika kidogo, unakisikia kwenye kiganja. Gololi za usukani zimejichimbia vishimo kwenye kikombe chake, ile bakuli ya chuma zinamozungukia. Hii ndiyo haigunduliwi na mtu, unakuja kushangaa baadaye pikipiki haitaki kunyooka vizuri barabarani, unabadilisha matairi, unapuliza upepo, unamlaumu aliyekuuzia.

Mwisho shokapu. Alizitoa zote mbili, akavuta zile bomba za ndani akazilaza juu ya kioo cha dirisha alichokiweka mezani na kuzibingirisha. Moja ikaenda laini. Ya pili ikawa inanyanyuka inashuka. Hiyo ndiyo iliyokuwa inanipeleka kushoto.

Sasa nikiwa nimekaa pale kwenye benchi nasikitikia hela yangu ndipo akaingia kijana na Boxer. Bodaboda, hata ishirini na mbili sijui kama amefika, amevaa koti zito jua la saa nane la Tanga mnalijua. Amepiga shimo usiku maeneo ya Mabawa, maji yamelijaza huwezi kuliona. Mafuta yamechuruzika shokapu zote mbili mpaka kwenye rimu, na ukisimama mbele yake tairi linaangalia kwingine na taa inaangalia kwingine. Mzee akamwambia zinatakiwa bomba mpya na sili, zile mpira zinazozuia mafuta yasitoke. Kijana akatoa simu akampigia tajiri, yaani mwenye pikipiki, akaweka spika ili fundi aeleze mwenyewe, na sote tukasikia.

"Nani aliyekuwa anaendesha, mimi au wewe?"

"Ni mimi bosi, lakini shimo lilikuwa..."

"Basi tengeneza. Na hesabu ya leo nataka jioni. Kwani haitembei?"

"Inatembea bosi."

"Sasa?"

Ikakatwa. Kijana akamgeukia mzee akasema, nyoosha tu. Mzee akakataa. Kijana akaaga vizuri, shikamoo mzee, shikamoo ticha, akaiburuta kwenda kwa fundi wa upande wa pili ambaye ana bomba refu la chuma na nondo na hanaga shida na mtu. Muda mfupi tu ikapita mbele yetu, imeshabeba mama amepakata mtoto.

Hilo ndilo lililonikaa kooni.

Tunawasema bodaboda kila siku. Mimi pia nawasema, darasani nawatolea mfano mbaya. Na wapo wanaostahili, siwatetei, kuna wengine wanaendesha kana kwamba nyumbani kuna moto. Ila siku ile nilielewa hesabu yenyewe inavyokwenda. Lori linaacha jiwe, au mvua inachimba shimo, au mtu anafungua mfuniko wa chemba anakwenda kuuza chuma chakavu. Anayekutana nalo ni kijana ambaye pikipiki sio yake. Yuko kwenye mkataba, kila siku ya Mungu anapeleka elfu saba, wengine elfu kumi, iwe mvua iwe jua iwe anaumwa, na ukisoma hiyo karatasi ya mkataba, kama ipo karatasi, matengenezo yote ni yake. Akisema ukweli kwamba chombo kimeumia anapoteza hela ya spea, anapoteza siku nzima ya kazi, na hesabu inamdai vilevile. Akinyamaza hapotezi kitu leo. Wewe ungefanyaje? Ananyamaza, ananyoosha kwa nondo, anarudi kijiweni, na anayekwenda kukaa nyuma ya zile shokapu ni mama yako anatoka sokoni Mgandini.

Na hii kunyoosha tuiseme wazi maana mafundi wengi watanuna. Bomba la shokapu likiwa limepinda kidogo sana, mtu mwenye presi na kifaa cha kupimia anaweza kulirudisha, sawa, nakubali. Lakini sio yule anayeliingiza kwenye tundu la bomba lingine na kuliningʼinia. Chuma kilichopinda kikanyooshwa pale pale hakirudi na nguvu yake, na ile kromu ya juu inapata mikwaruzo na nyufa ambazo kila shokapu inapocheza zinakula sili, ndiyo maana unabadilisha sili leo, mwezi ujao mafuta yako chini tena unamlaumu mchina. Rimu za sipoti ndio kabisa. Ile ni alumini ya kumiminwa, ukiipiga nyundo inarudi duara vizuri inapendeza, na ufa unabaki ndani hauuoni. Rimu ya chuma ya spoku angalau ina uvumilivu, unaweza kulegeza hapa na kukaza pale ikakaa sawa kama haijapinda sana, na fundi anayejua kusuka rimu mheshimu.

Tena kuna upande wa pili wa shilingi wa kutuibia. Mara nyingine usukani umekaa upande na hakuna kilichopinda hata kimoja, shokapu zimejisokota tu kwenye vishikio vyake kwa ule mshtuko. Dawa yake ni kulegeza nati, kubana tairi la mbele katikati ya magoti, kunyoosha, kuibonyeza mbele mara kadhaa ijipange, na kukaza. Haigharimu chochote zaidi ya soda ya fundi. Kuna mtu hapa mjini aliuziwa mbele nzima kwa tatizo hilo. Kwa hiyo kabla hujafungua pochi, mwambie fundi azitoe azibingirishe kwenye kioo mbele ya macho yako. Asiye na kioo atafute.

Bima mtaniuliza. Nina bima, ile ndogo tuliyonayo wote, inamlipa niliyemgonga. Jiwe halijaleta madai.

Na kuhusu wenye barabara, najua barabara kubwa zina TANROADS na hizi za mtaani zina TARURA tangu 2017, na najua mtasema tuwaandikie. Andikeni, hakuna anayewakataza, ila jiwe la lori linafika saa kumi na mbili jioni na linamkuta mtu saa moja, hakuna ofisi itakayowahi hapo. Hilo liko kwa wenye malori. Kila anayejaza fuso machungwa anajua namba ya dereva wake, ampigie amuulize mawe umetoa? Ni swali la shilingi ngapi hilo?

Lakini nyinyi matajiri wa pikipiki ndio niliokuja kwa ajili yenu, na wengi nawafahamu, wengine ni walimu wenzangu, wengine manesi, wengine mmechukua mkopo wa saccos mkanunua Boxer mbili mkawapa vijana. Sina ugomvi na biashara. Najua mkopo nao una tarehe zake na najua kuna vijana wanaua chombo makusudi halafu wanasingizia shimo. Lakini chombo ni chako mpaka siku mkataba unaisha, kadi ina jina lako. Unawezaje kuwa mwenye mali siku ya hesabu, halafu siku ya shimo ukawa mpita njia? Weka kwenye karatasi kwamba ikigonga kitu inapelekwa kwa fundi mnayemwamini wote wawili, mbele inafunguliwa, siku hiyo hesabu inasimama, na spea za usalama, nasema tairi, rimu, shokapu, breki na usukani, mnachangia. Taa na saiti mira na tangi lililobonyea mwachie yeye, atajifunza. Ukishindwa hilo basi angalau usimuulize kwa simu kama inatembea. Nenda ukaipande mwenyewe kutoka Kange mpaka Raskazone, ukiwa umempakia mwanao nyuma, ndipo umwambie nyoosha tu.

Nilimsimulia haya mwenzangu mmoja ofisini mwenye pikipiki tatu kijiweni. Alinisikiliza mpaka mwisho akaniambia, "Ticha, wewe hujawahi kudaiwa na benki." Nimewahi. Na sasa hivi nadaiwa na fundi, bomba original hazipatikani mjini, zinasubiriwa kutoka Dar, na yule mwenye nondo amenitumia salamu kwamba angenimalizia kwa nusu saa.