Mara 7,100: hesabu ya Denmark na mfuko wa sokoni

Kuna hesabu moja haichoki kuzunguka mitandaoni, na kila inapoibuka huwafurahisha waliochoshwa na mahubiri ya mazingira. Inasema mfuko wa pamba lazima utumike mara 7,100 ndipo uwe na nafuu kuliko mfuko wa plastiki, na ule wa pamba ya kilimo hai mara 20,000. Kwa mtu anayekwenda sokoni mara mbili kwa wiki, mara 7,100 ni miaka 68. Kinachofuata hapo ni kejeli: Rwanda mwaka 2008, Kenya Agosti 2017 na Tanzania Juni 2019 zilipiga marufuku rambo, yaani mifuko ya plastiki ya kubebea, kwa pupa, na mwenye kikapu mkononi anajidanganya.

Hesabu yenyewe si ya kubuni. Ilichapishwa mwaka 2018 na wakala wa mazingira wa Denmark, baada ya wataalamu kupima kila aina ya mfuko tangu malighafi hadi unapotupwa. Tatizo ni kwamba jibu limesafiri huku swali lake likiachwa nyuma.

Tuwape wakosoaji haki yao kwanza, maana kuhusu pamba hawajakosea. Pamba inakula ardhi, maji na mbolea, kisha kuna umeme wa kusokota, kufuma na kutia rangi. Utafiti wa wakala wa mazingira wa Uingereza wa mwaka 2011 ulipima rambo jepesi la dukani likawa na gramu 8 hivi, na mfuko wa pamba gramu 183. Mmoja una uzito wa rambo ishirini na mbili na zaidi. Kwa upande wa joto la dunia peke yake, Waingereza walikuta mfuko huo unapaswa kurudiwa mara 131 ili ulingane na rambo lililotumika mara moja. Kwa hiyo anayekusanya mifuko ya kitambaa kutoka kila kongamano na kuitundika nyuma ya mlango hajaokoa chochote. Kila mfuko mpya unaanza na deni lake, na deni halilipwi na mfuko uliotundikwa.

Lakini angalia 7,100 ilivyopatikana. Katika ripoti hiyohiyo ya Denmark, kwa joto la dunia peke yake, mfuko wa pamba ya kawaida unatakiwa kurudiwa mara 52. Kwa safari mbili za sokoni kila wiki, hiyo ni nusu mwaka. Idadi inapaa hadi 7,100 pale pamba inapotakiwa kuishinda plastiki katika kila kipimo, na vipimo vilikuwa zaidi ya kumi. Kilichoiangusha zaidi ni athari kwa tabaka la ozoni. Na ile 20,000 ina kisa cha kuchekesha kidogo: mfuko wa kilimo hai uliopimwa haukufikisha ujazo wa lita 22 uliowekwa kama kigezo, basi kila safari moja ikahesabiwa mifuko miwili. Ni kweli kilimo hai hutoa mavuno machache kwa hekta, na hilo lilihesabiwa pia. Lakini nusu ya 20,000 imetoka kwenye mkasi wa fundi, haikutoka shambani.

Jambo zito zaidi liko kwenye mfuko wa plastiki ambao wataalamu wa Denmark waliuchukua kama kipimo. Ulikuwa mfuko mnene wa supamaketi, unaobebewa manunuzi mara moja, kisha unatandikwa ndani ya pipa la taka, kisha unakusanywa na kuchomwa katika tanuri linalozalisha umeme na joto la majumbani. Mifuko inayozagaa mitaani haikuhesabiwa, kwa maelezo kwamba huko ni michache mno kuleta tofauti. Kwa Denmark hilo ni sawa kabisa. Huwezi kuhesabia kitu kisichotokea.

Huku kwetu ndicho kilichokuwa kikitokea. Rambo lilitolewa bure, moja kwa nyanya, jingine kwa vitunguu, jingine kwa dagaa, na safari moja ilirudi nyumbani na matano. Lilikuwa jepesi kiasi kwamba hata lililotupwa jalalani lilipeperushwa na upepo. Na sehemu kubwa ya mitaa haikuwa na gari la taka la uhakika. Kulikuwa na shimo, moto wa nyuma ya nyumba, na mtaro.

Mtaro ndio unaoeleza sheria hizi vizuri kuliko maneno ya joto la dunia. Karatasi ikiziba chujio la kalavati, hulowa na kuachia. Plastiki inajibana kwenye nondo kama kiraka, tope linajaa nyuma yake, na mvua inayofuata inatafuta njia ya barabarani na vyumbani. Bangladesh, nchi ya kwanza kupiga marufuku mifuko hii mwaka 2002, haikuanzia kwenye hesabu ya hewa ukaa. Ilianzia kwenye mafuriko ya mwaka 1988 na 1998, ambayo mifuko ilionekana kuyazidisha kwa kuziba mitaro ya Dhaka.

Na kuna ng'ombe. Anayechungwa pembezoni mwa mji hula maganda pamoja na mfuko ulioyabeba, kwa sababu mfuko wenyewe unanukia chakula. Njia ya kutoka tumbo la kwanza ni nyembamba, hupitisha kilichosagika tu, na mfuko hausagiki. Unabaki, mwingine unaungana nao, vinajisokota na majani hadi viwe donge gumu. Ng'ombe anajihisi ameshiba huku anakonda, na dawa ni kumpasua. Mwaka 2017 shirika la habari la Reuters liliripoti kutoka machinjio ya Nairobi kwamba baadhi ya ng'ombe walitolewa mifuko 20 tumboni. Hakuna safu ya ng'ombe katika jedwali la Denmark, na hakuna sababu ya kuwapo.

Kwa hiyo anayetumia 7,100 kusema katazo la Afrika Mashariki lilikosea anatumia mizani iliyotengenezwa kupima kitu kingine. Hapa swali lilikuwa mfuko unaishia wapi.

Gharama zilikuwapo, na hazikugawanywa sawa. Chama cha wenye viwanda cha Kenya kilionya kwamba viwanda 176 na ajira zipatazo 60,000 zingeguswa. Adhabu ya Kenya, faini ya shilingi milioni 2 hadi 4 au kifungo cha hadi miaka minne, ni nzito kupita kiasi kwa muuza mboga wa kandokando ya barabara. Tanzania ilitenganisha ngazi: anayekamatwa akiwa na rambo faini yake inaanzia shilingi 30,000 za huko, mwenye kiwanda inaweza kufika bilioni moja. Hata hivyo anayenunua kidogokidogo kila jioni akitoka kazini ndiye aliyebebeshwa mzigo, maana hakutoka nyumbani na kikapu, na mfuko aliokuwa akipewa bure sasa anaununua. Muuza samaki naye ana hoja. Karatasi inalowa, kitambaa kinashika damu na harufu. Ndoo ndogo yenye mfuniko ni jibu zuri, ila lazima ikumbukwe asubuhi.

Ila tishio kubwa kwa katazo halitoki Denmark. Limetundikwa pale pale kwenye kibanda cha sokoni, lina rangi nzuri na linaitwa mfuko mbadala.

Wengi wanaamini ni kitambaa. Ushike vizuri. Una vidoti vidogo vilivyokandamizwa kwa mpangilio, na ukifumua pembe yake hutapata uzi wa kuvuta, kwa sababu haukufumwa. Ni nyuzinyuzi za polipropilini zilizogandishwa kwa joto. Kata kipande kidogo, kipeleke kwenye moto ukiwa nje: pamba huwaka na kuacha jivu laini lenye harufu ya karatasi iliyoungua, hiki kinajikunja kukimbia moto, kinayeyuka na kudondosha matone. Ni plastiki.

Sasa piga hesabu. Kiwango cha Tanzania kinataka mfuko huu usipungue gramu 70 kwa mita ya mraba. Mfuko wenye upana wa sentimita 35 na kimo cha 40 una pande mbili zinazofanya mita ya mraba 0.28, ongeza kitako na mikono, ni kama 0.35. Zidisha kwa 70 upate gramu 24 na nusu. Rambo la gramu 8 linaingia humo mara tatu. Maana yake, anayenunua mbadala, akautumia mara moja na kuutupa, ametupa plastiki mara tatu ya ile iliyokatazwa. Akiutumia mara tatu amelingana nayo. Kuanzia mara ya nne ndipo anaanza kupata faida, na hiyo ni faida ya uzito tu. Ukiangukia mtaroni unaziba chujio vilevile, na kwa kuwa ni mnene hauchaniki upesi kama rambo.

Mara nne si nyingi. Kwa nini basi mifuko mingi haifiki? Anza na mkono. Katika mifuko ya bei ya chini, mkono haukushonwa. Umebandikwa kwa joto kwenye mstari mmoja mwembamba, na mstari huo ndio unaobeba viazi vyote. Joto la kubandika limelifanya eneo hilo kuwa jembamba na kavu kuliko sehemu nyingine, hivyo ukishuka garini kwa kishindo mpasuko unaanzia kwenye ncha ya mstari na kukimbia. Dawa yake ni sindano na uzi imara: kabla ya kuutumia, shona mkono ukishuka sentimita tano hadi sita ndani ya mwili wa mfuko, kwa mraba wenye msalaba katikati.

Jua nalo linaumaliza. Polipropilini isiyotiwa kinga huoza kwa mwanga wa jua: inakauka, inakatika ukiikunja, kisha inageuka unga wa rangi unaobaki kiganjani. Unga huo ni plastiki ileile katika umbo lisilookoteka tena. Mfuko uliotundikwa juani kibandani wiki nzima umeanza kufa kabla hujaununua, basi chagua wa ndani ya bunda. Ukiufua, uanike kivulini.

Kenya iliuona mtego huu mapema. Mamlaka ya mazingira, NEMA, ilitangaza kusitisha mifuko hii kuanzia 31 Machi 2019, ikisema viwanda vinatoa ya daraja la chini isiyoweza kurudiwa na hakuna kiwango cha kuipimia. Tanzania ilichagua kuweka kiwango. Zote mbili zina mantiki. Lakini gramu kwa mita ya mraba zinapima unene wa malighafi tu, na mfuko haukatiki hapo. Unaweza kutimiza gramu 70 na ukaachia mkono siku ya kwanza.

Kuna mwanya wa pili, na huu unakera. Kanuni ziliacha vifungashio vya bidhaa, kwa sababu dawa na vyakula vya viwandani haviwezi kufungwa kwa majani ya mgomba. Vifuko vyembamba visivyo na mikono vikapita mlango huo na kugeuka vibebeo vya nyanya na maharage. Ni rambo lililokatwa masikio.

Ukiniuliza nini kibebwe, kiroba ndicho kinachosahaulika. Mfuko wa unga au mchele umefumwa kwa nyuzi bapa za polipropilini na tayari umeshalipiwa gharama yake na unga. Ukikung'uta, ukafua, ukakata na kushona mikono, hujaagiza malighafi mpya hata gramu moja. Ubaya wake ni kwamba ukingo uliokatwa hufumuka; pitisha ncha zake juu ya mshumaa kidogo ziyeyuke na kushikana, au kunja mara mbili ndipo ushone. Kilichobeba mbolea au dawa za shambani kisiguse chakula kamwe, hata kikifuliwa mara kumi.

Kikapu cha ukindu au cha ukili hakimo katika ripoti ya Denmark wala ya Uingereza. Malighafi yake ni majani, hayapiti kiwandani na hayahitaji mashine, na kikifika mwisho kinaoza shimoni bila kumsumbua ng'ombe. Kinachokiua ni unyevu na kitako. Kikihifadhiwa na majimaji ya mboga kinaota ukungu, basi kigeuze kichwa chini mahali penye hewa. Kikikauka mno majani yanavunjika kwenye mkunjo, basi kipanguse kwa kitambaa chenye maji kabla ya kubebea kitu kizito. Kitako kikianza kulika, shonea kipande cha kiroba chini yake mapema, kabla tundu halijawa tundu.

Kwa upande wa serikali, marekebisho yanayohitajika ni madogo. Kiwango cha mfuko mbadala kiongezewe jaribio la mkono: mfuko ujazwe uzito uliotajwa, unyanyuliwe na kuachiwa mara kadhaa mbele ya mkaguzi, na mkono uliobandikwa bila kushonwa ukataliwe. Vifungashio vitajwe kwa matumizi yake, ili kifuko kitupu kinachouzwa kwa bunda sokoni kihesabiwe kuwa mfuko wa kubebea. Na faini zianzie kwa mwagizaji na mwenye mashine. Muuza nyanya huuza anacholetewa.