Chui ya Tangawizi

Shangazi yangu anauza chai Buntwani, hapa Malindi, na miaka yote kibanda chake hakikuwa na bango. Watu walifuata harufu ya iliki. Mimi ndiye niliyemshawishi, maana nilikuwa nimejifunza kubuni mabango kwenye kompyuta na kichwa kimeshavimba.

Nikachagua fonti nene ya mwandiko wa brashi, yenye sura ya matangazo ya zamani, ukoo mmoja na ile Brush Script aliyoichora Mmarekani Robert E. Smith mwaka 1942: herufi zimeinama, zimeshikana mikono kama watoto wanaovuka barabara. Fonti hizi ni za neno moja kubwa, si za maelezo, kwa hiyo "Chai" peke yake ndiyo iliyopata brashi. "Ya tangawizi, sh. 30" nikaiandika kwa herufi za kawaida. Nilijiona fundi.

Sikuona kwamba "a" ya fonti ile haikufungwa juu. Kwenye kompyuta ilisomeka, maana nilijua nilichoandika. Kwa aliyepita na tuktuk, ilikuwa "u" safi kabisa.

Wa kwanza kufika ni mzee mmoja aliyemvuta shangazi pembeni, akamnong'oneza kama mafuta yake yanatibu mgongo.

"Mafuta ya nini, mzee wangu?"

"Ya huyu mnyama wako."

Kisha akaja mwalimu, amenuna. Chui huchukua "wa", akasema, si "ya", na watoto wanapita hapa wakienda shule. La chui kuuzwa kwa kikombe halikumshughulisha.

Saa nne wakatokea askari wawili wa wanyamapori, na sare zao. Mmoja akakodolea bango macho.

"Mama, chui ni shilingi 30?"

Shangazi, sikio moja kwenye sufuria, akajibu, "Ndiyo mwanangu. Ya maziwa au ya rangi?"

Simu niliyopigiwa ilikuwa fupi: "Njoo uondoe mnyama wako."

Nikachapisha jipya, safari hii herufi kubwa tupu, brashi ile ile. Kosa juu ya kosa! Kila herufi ilikuja na mkia wake, C ikamkaba H, I ikajisokota, na hapakuwa na binadamu wa kulisoma.

Mzee wa mgongo akarudi. Akalitazama kwa heshima, akauliza kama hilo sasa ni kombe, yale maandishi ya Kurani yanayooshwa na kunywewa kama dawa.

Shangazi akanitazama mimi, akamtazama yeye, akamwambia kikombe ni shilingi 50.