Pampu ya Maji Ikianza Kudondosha, Imeshakufa

Katika maneno yote ya wenye magari ya spoti ya zamani, hakuna linaloniudhi kama hili: "Linakunywa maji kidogo tu, we ongeza asubuhi." Mtu analisema akiwa ameegemea gari lililopigwa rangi upya, rimu zinameta, ekzosti inanguruma hadi kifua kinatetemeka, na kwenye buti kuna kidumu cha maji. Mimi kidumu hicho hunieleza hali ya gari kuliko kitabu cha sevisi. Injini hainywi maji. Mfumo wa kupoza umefungwa, kwa hiyo maji yakipungua, kuna mahali yanatokea, na kwenye magari ya umri huu pampu ya maji ni miongoni mwa sehemu za kwanza za kuchungulia.

Msimamo wangu ni huu: pampu iliyoanza kudondosha imeshakufa, hata kama bado inazunguka. Haibembelezwi. Wanaosema "itafika mwisho wa mwaka" hawajaangalia kilichomo ndani yake.

Pampu ina shafti. Upande mmoja kuna puli inayozungushwa na mkanda, upande wa pili kuna impela inayosukuma maji. Katikati kuna beringi, na kati ya beringi na maji kuna sili. Sili hiyo ni nyuso mbili ngumu, aghalabu kaboni na seramiki, zinazosuguana muda wote injini inapozunguka, na kinachozilainisha ni utando mwembamba wa kulanti yenyewe, yaani maji ya kupozea yenye dawa ya kuzuia kutu. Chini ya shafti watengenezaji huacha tundu dogo. Wapo wanaodhani ni kasoro ya kiwandani na kuliziba kwa gundi. Limewekwa makusudi: sili ikishindwa, maji yatoke nje uyaone, badala ya kupenya kwenye beringi na kuosha grisi yake. Ukiliziba, dalili imeondoka na ugonjwa umeuingiza ndani zaidi.

Tusitishane, lakini. Pampu mpya huweza kutoa jasho kidogo siku za mwanzo, mpaka nyuso za sili zikae sawa. Doa kavu la zamani nalo peke yake si hukumu. Lifute, endesha gari, lirudie likiwa limepoa. Tone likiwa limerudi, maneno yamekwisha. Lala chini na tochi utafute ukoko chini ya puli: wa kijani, wa pinki, au mweupe kama chumvi iliyokauka, kutegemea kulanti iliyomo. Mkanda ukiwa umelegezwa, shika puli uitikise juu na chini. Ikicheza hata kidogo, beringi imeisha. Izungushe taratibu kwa mkono. Pampu nzima huzunguka laini, bila kukwaruza. Ukisikia mkwaruzo hafifu unaokuja na kupotea kila mzunguko, usijiambie ni vumbi.

Wauzaji hupenda kusifia kilomita chache. "Gari la mwaka 1990, halijatembea, lilikuwa linalala gereji." Kwa pampu ya maji, sifa hiyo nusu yake ni lawama. Gari la spoti la zamani haliishi kama gari la kwenda kazini. Linatolewa siku ya jua, linatamba, linarudishwa kulala kwa miezi. Huko kulala ndiko kunakoimaliza pampu. Nyuso za sili zinakaa mahali pamoja, uchafu unaganda juu yake, na siku injini inapowashwa, zinang'oana na kuacha michubuko. Kulanti nayo inazeeka hata isipotumika: viungo vyake vya kuzuia kutu vinachoka kwa miaka, si kwa kilomita tu. Mwenye gari anahesabu umbali ilhali kulanti inahesabu kalenda.

Na huyu wa kuongeza maji kila asubuhi ana hasara nyingine asiyoiona. Mfumo wa kupoza haufanyi kazi kwa maji tu, unafanya kazi kwa presha. Maji ya kawaida huchemka nyuzi 100, lakini yakibanwa kwa mgandamizo wa bar 1 zaidi ya ule wa hewa, huchemka karibu nyuzi 120. Kifuniko cha rejeta kipo kwa kazi hiyo. Mfumo unaovuja hauwezi kushikilia presha yake sawasawa, kwa hiyo hata ukiwa na maji tele, unachemka mapema kuliko ulivyokusudiwa. Halafu kila lita ya maji ya bomba anayoongeza inaizimua kulanti iliyobaki, na kutu inapata nafasi ndani ya injini ya aluminiamu ambayo vipuri vyake havipatikani kirahisi.

Geji ya joto nayo si ya kuaminiwa upofu. Kwenye magari mengi mshale umetengenezwa utulie katikati kwa nyuzi nyingi tofauti, ili dereva asihangaike, na ukianza kupanda, mambo yameshaharibika. Baya zaidi, maji yakipungua sana, sensa inabaki kwenye mvuke au hewa tupu na mshale unaweza hata kushuka. Dalili ninayoiamini mimi ni hita. Injini ikiwa ya moto na hita ikaanza kupuliza hewa ya baridi ghafla, maji hayazunguki au hayapo. Simama, zima, na usiguse kifuniko mpaka kila kitu kipoe.

Sasa tuje kwenye mkanda, maana hapa ndipo uzembe unapogeuka msiba. Kwenye Porsche 944, iliyotengenezwa kuanzia 1982 hadi 1991, pampu ya maji inazungushwa na mkanda wa taimingi, ule unaozifanya valvu zifunguke na kufunga kwa kupatana na mwendo wa pistoni. Subaru Impreza za miaka ya 1990 ni hivyo hivyo. Maana yake, beringi ya pampu ikijam, mkanda unaokokotwa juu yake unaweza kuruka meno au kukatika, na injini kama ya 944 haina msamaha: pistoni zinakutana na valvu. Pampu imeua silinda hedi bila maji kuchemka hata kidogo. Mazda MX-5 ya kwanza, ya 1989 hadi 1997, ni pole zaidi. Pampu yake inavutwa na mkanda wa oltaneta, kile kifaa cha kuchaji betri, na valvu zake hazigongani na pistoni mkanda wa taimingi ukikatika. Hata hivyo kuifikia pampu ni lazima ufungue kava na kuutoa huo mkanda wa taimingi.

Kwa hiyo swali la "nibadilishe pampu au mkanda?" mimi silielewi. Ukifika pale, badilisha vyote: pampu, mkanda, tensiona inayoukaza, puli za kupitishia, themostati inayodhibiti joto la maji, na mipira ya maji iliyo jirani. Kazi kubwa ni kufika, si kubadilisha. Fundi anayekufungia mkanda mpya juu ya pampu ya zamani kwa sababu "bado haivuji" hajakuokolea kitu. Amepanga tu tarehe ya wewe kurudi.

Kazi yenyewe haina uchawi, ina subira. Bolti za pampu hutofautiana urefu, na bolti ndefu ikikosea tundu inaweza kupasua kitu. Chukua kipande cha boksi, chora umbo la pampu, toboa matundu, kila bolti unayoitoa uichomeke mahali pake. Bolti za chuma zilizokaa ndani ya aluminiamu kwa miaka thelathini hushikamana vibaya. Ukilazimisha kwa spana ndefu, kichwa kinabaki mkononi na mguu unabaki kwenye bloku. Mafuta ya kulegeza kutu usiku kucha, joto kidogo, kwenda mbele na kurudi nyuma robo kwa robo. Gasketi ya zamani ikwanguliwe kwa kitu cha plastiki au mbao, si kwa bisibisi, maana mchirizi mmoja kwenye aluminiamu ni mvujo mpya. Na hiyo silikoni ya kuzibia jamani! Watu wanapaka kama siagi, halafu kinachobinywa ndani kinakatika na kwenda kukaa kwenye mirija ya rejeta. Kama gasketi inatakiwa kufungwa kavu, ifungwe kavu. Kaza kwa mtindo wa msalaba, hatua kwa hatua, kwa spana ya kupima nguvu na kwa kipimo cha kitabu cha gari lako. Bolti ndogo hazitaki ubabe.

Kuna ubishi usiokwisha kuhusu impela ya plastiki na ya chuma. BMW E36 za mwanzo, zile 3 Series za miaka ya 1990, na Porsche Boxster ya kwanza, 986, zilitoka na pampu zenye impela ya plastiki. Plastiki ikizeeka kwa joto hupasuka, ikaachana na shafti au ikamegeka vipande vinavyosafiri kwenye njia za maji. Wengi wakakimbilia chuma. Upande wa pili nao una hoja: beringi ikilegea, impela ya chuma inayoyumba inaweza kuukwangua ukuta wa bloku, na bloku si kipuri cha kubadilisha mchana mmoja. Mimi nadhani wote wanabishania kipuri kisichofaa kubishaniwa. Impela zote mbili hufanya kazi yake kwenye pampu ambayo beringi na sili zake ni nzuri, na zote mbili ni hatari kwenye pampu iliyoachwa mpaka ikacheza. Nunua pampu ya mtengenezaji anayeeleweka, uibadilishe kwa umri, ubishi umeisha.

Kuna na hawa wanaotoa themostati "ili gari lisichemke." Themostati nzima haichemshi gari. Inaifikisha injini kwenye joto lake la kazi na kuishikilia hapo. Ukiitoa, injini inachelewa kupata joto na inakula mafuta zaidi, na pampu mbovu inapata siku chache za kujificha. Kuna hata injini ambazo themostati ndiyo inayofunga njia ya mkato ya maji. Kwenye hizo, ukiitoa, sehemu ya maji yanarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta.

Baada ya kufunga, jaza kulanti ya aina iliyoelekezwa kwa gari hilo, ikichanganywa na maji yaliyochujwa madini. Usichanganye aina kwa kufuata rangi. Rangi ni uamuzi wa mtengenezaji, na aina zisizopatana zinaweza kuganda kama uji. Kisha toa hewa, na hapa magari ya spoti yana visa vyake. Toyota MR2 ina injini nyuma ya viti na rejeta mbele kabisa, mabomba ya maji yanapita chini ya gari zima. Hewa ikibaki humo, pampu mpya inasukuma mapovu na mwenye gari anaapa ameuziwa feki. Fungua hita mpaka mwisho, tumia vijitundu vya kutolea hewa kwa mpangilio wa kitabu, acha injini ipate joto hadi feni iwake na kuzima, iache ipoe kabisa, halafu angalia usawa wa maji tena.

Pampu za umeme za kufunga badala ya ile ya mkanda? Kwa gari la mbio, naelewa. Linazunguka kwa raundi kubwa muda mrefu, na pampu ya mkanda inakula nguvu na kuchemsha mapovu kwenye impela. Kwa gari la barabarani siioni haja. Pampu ya mkanda kwa kawaida hukuonya kwa tone, kwa ukoko, kwa mlio. Ya umeme ikikatika waya, kama hukufunga taa ya kukuonya, inanyamaza tu huku injini ikiendelea kuzunguka.